Mafahali wawili chini ya taa moja

Msomaji, ukitaka kuona vita visivyotangazwa redioni, njoo Mji wa Kale wa Mombasa baada ya sala ya isha. Keti barazani katika kichochoro chochote cha Kibokoni, kisha uinue macho uitazame taa iliyotundikwa juu ya mlango. Usiitazame taa yenyewe. Utazame ukuta unaoizunguka. Pale utawaona mijusi. Mmoja amejibanza karibu kabisa na taa, mwili mnene, kichwa kipana, mkia umejaa kama kidole cha mtoto. Wengine wamekaa mbali naye: huyu pembeni mwa boriti, yule nyuma ya waya, na wa tatu nusu yake imo ndani ya ufa. Nondo anatua ukutani. Yule mnene anakwenda hatua mbili, anasita, kisha anachupa na kumdaka. Nondo wa pili anatua mbele ya yule wa pembeni. Maskini, hata hajapata kufungua kinywa, mnene amekwisha mfikia. Wala hakuwa akimfuata nondo. Alimfuata mjusi mwenzake.

Nimeyaona haya tangu utotoni na sikuyatia maanani, mpaka jioni moja mtoto wa jirani yangu, mvulana wa miaka 12, aliponijia barazani akiwa amekumbatia sanduku la kioo. Zamani sanduku hilo lilikuwa la kufugia samaki. Sasa ndani yake mlikuwa na mijusi wawili aliowanasa mwenyewe, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Yule mdogo hakuwa na mkia.

"Mjomba," akaniambia, "huyu mdogo hali. Siku ya tatu hii. Nikitia mdudu, mkubwa amfukuza."

Bibi yake, aliyekuwa dirishani, akadakia: "Mwambie, mwambie! Nyumba nzima imejaa mijusi wa bure, nawe wawatia sandukuni! Ungalifuga kuku tungalikula mayai."

Tulicheka, lakini mtoto hakucheka. Kwake lile lilikuwa jambo la kufa na kupona, na kwa yule mjusi mdogo lilikuwa hivyo kweli. Basi nikamwahidi kwamba tutalitafutia dawa. Haya ninayoyaandika leo ndiyo tuliyojifunza, yeye na mimi, kwa kusoma na kwa kutazama ukuta.

MWENYE JINA BAYA

Watu wa pwani humwita mnyama huyu mjusi kafiri, na jina hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba hana wapenzi wengi. Wazee hulieleza kwa hadithi mashuhuri isemayo kwamba Nabii Ibrahim alipotupwa motoni, mjusi alikuwa akiupuliza moto upate kuwaka zaidi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mjusi akishuka sakafuni hukutana na ndara. Sikukusudia kuingilia mambo ya wenye elimu ya dini. Nimeyataja haya ili msomaji aelewe kwa nini yule mtoto alilificha sanduku lake uvunguni kwa wiki nzima kabla ya kuthubutu kulitoa.

Wataalamu wa wanyama humweka mjusi huyu katika jamii ya Hemidactylus, na anayejulikana sana katika nyumba za Afrika Mashariki ni Hemidactylus mabouia. Ajabu ni kwamba jina hilo alilipata mwaka 1818 kutokana na mijusi waliopatikana katika visiwa vya Karibi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ingawa kwao ni Afrika. Inadhaniwa kwamba alivuka bahari katika vyombo vya watu, akiwa amejificha katika mizigo na mbao. Basi mwenzetu huyu ni msafiri wa bandari kama sisi.

Hana kope za kufumba, kwa hiyo husafisha macho yake kwa kuyalamba kwa ulimi. Jike hutaga mayai mawili meupe yenye ganda gumu, akayaficha katika ufa au nyuma ya kabati. Mchana hulala; usiku ndio wakati wa kazi yake. Na kazi yake, hata tumchukie vipi, ni kula mbu, nondo, mende wadogo na kumbikumbi.

Anaye binamu yake anayetembea mchana, mdogo zaidi, ambaye humwona kwenye mashina ya minazi na miembe. Mmoja katika hao amepewa jina la mji wetu: Lygodactylus mombasicus. Aliyempa jina hilo mwaka 1935 ni Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika makumbusho ya Nairobi kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mijusi hawa wa mitini wana desturi moja ambayo mtu yeyote mwenye subira aweza kuiona. Shina moja huwa na dume mmoja mkubwa, pamoja na majike na watoto. Dume mwingine akitia mguu pale, hufukuzwa mpaka chini. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hakuna aliyewaambia mijusi, lakini wanajua.

TAA NI SINIA

Kwa nini basi wagombane hasa wakati wa kula? Jibu lake, nilivyokuja kuona, limo katika ile taa.

Zamani, nyumba zilipomulikwa kwa vibatari na fanusi, mwanga ulikuwa hafifu na wadudu walitawanyika. Mjusi ilimbidi azunguke dari nzima, boriti kwa boriti, akitafuta mmoja hapa na mmoja pale. Kisha ukaja umeme. Mwaka 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipata mtambo wa kuzalisha umeme, akamulika jumba lake na njia zilizo karibu nalo. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaununua mtambo huo na kuuleta hapa kisiwani, na kampuni ya umeme ya Mombasa ikaanzishwa mwaka huohuo. Sisi tulihesabu kwamba tumepata mwanga. Mijusi walipata sinia.

Sinia, msomaji, walijua mwenyewe. Likiletwa la pilau, wakaketi watu wanne au watano kulizunguka, kila mmoja hula upande wake. Mtoto akinyoosha mkono kuifuata nyama iliyo upande wa mwenziwe, huambiwa mara moja, "Kula mbele yako!" Bila ya adabu hiyo, sinia moja lingekuwa uwanja wa ngumi, kwa sababu chakula chote kipo pahali pamoja na mwenye mkono mrefu aweza kukimaliza.

Mjusi hakufunzwa adabu hiyo. Taa inapowakusanya wadudu wote pahali padogo, inamletea mwenye nguvu kitu ambacho hakuwa nacho zamani, yaani chakula kinachoweza kulindwa. Hebu fikiri. Wadudu wakiwa wametawanyika ukuta mzima, kuwafukuza wenzako ni kazi ya bure, maana ukimkimbiza huyu, yule anakula nyuma yako. Lakini wadudu wakiwa chini ya taa, ukiishika taa umeshika kila kitu. Hapo ugomvi unalipa.

Ushahidi wake tuliuona usiku mmoja baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi walipotoka kwa maelfu. Walitapakaa kila mahali, ukutani, sakafuni, hata ndani ya vikombe vya kahawa. Usiku ule mijusi saba walikula juu ya mlango mmoja na hatukuona hata mmoja akimkimbiza mwenziwe. Mkubwa alikuwa na mabawa yaliyomning'inia mdomoni, macho yametulia, kama mzee aliyetoka karamuni. Usiku uliofuata kumbikumbi hawakuja, na vita vikaanza upya.

DALILI ZA UGOMVI

Watu wengi hudhani mijusi hupigana ghafla. La hasha. Mjusi hutoa onyo kabla ya kuuma, na anayetaka kuwafuga hana budi kulijua onyo hilo.

Kwanza, mkubwa huacha kumtazama mdudu akaanza kumtazama mwenziwe. Pili, hujiinua kwa miguu yake minne, mgongo ukapinda, mwili ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Tatu, mkia wake huanza kutikisika polepole, mithili ya paka anayenyemelea. Baadhi yao hutoa na sauti, tik-tik-tik. Mnyonge akiwa na akili huondoka hapo hapo. Akikawia, huumwa shingoni, mguuni au mkiani.

Mkia ndio unaotolewa sadaka. Mjusi anaposhikwa mkia huukata mwenyewe, na kipande kilichokatika hubaki kikirukaruka huku mwenyewe akikimbia. Watoto hulicheka jambo hili, lakini kwa mjusi ni hasara kubwa. Ndani ya mkia ndimo anamoweka mafuta yake, akiba yake ya siku za njaa. Aliyepoteza mkia ni kama mtu aliyeibiwa ghala, tena siku hiyohiyo akafukuzwa kazi. Mkia huota tena, lakini wa pili hauwi kama wa kwanza. Huwa mfupi, na rangi yake na magamba yake hayalingani na mwili.

Tena kuna ubaya mwingine. Mijusi wakubwa wa nyumbani hula wadogo. Mtu akitia mtoto wa mjusi na mtu mzima katika sanduku moja, asishangae asubuhi akimkuta mmoja.

SOMO KUTOKA BANDA LA NDEGE

Nilipokuwa nikitafuta habari hizi nilikutana na utafiti mmoja uliofanywa mbali sana na hapa, katika visiwa vya Hawaii, nao ukanifungua macho.

Kule kulikuwa na mjusi mdogo aitwaye Lepidodactylus lugubris, ambaye ana ajabu yake: karibu wote ni majike, na huzaa bila ya dume. Baadaye akaja mgeni, Hemidactylus frenatus, mjusi wa nyumbani kutoka Asia, ndugu wa huyu wetu, ambaye amesambaa katika bandari nyingi za nchi za joto. Mgeni alipofika, mwenyeji akaanza kupungua katika majengo yenye taa. Wataalamu wawili, Kenneth Petren na Ted Case, wakataka kujua sababu. Wakatumia mabanda ya ndege, wakawaweka mijusi ndani yake na kutazama nani ananenepa na nani anakonda.

Waligundua kwamba palipokuwa na taa na ukuta mtupu, ulionyooka, mgeni aliwashinda wenyeji vibaya katika kukamata wadudu. Lakini ukuta ulipowekewa vizuizi vya kuvunja ule unyoofu wake, faida ya mgeni ilipungua. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 1998.

Niliposoma hayo nilitoka nje nikaitazama nyumba tunayoishi. Nyumba hizi za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Kuta za ndani zina zidaka za kuwekea vyombo. Milango imechongwa nakshi, na madirisha yana mbao za kupitisha upepo. Hakuna mkono mmoja wa ukuta ulio mtupu. Mjusi aliyefukuzwa hapa huzunguka boriti, na akishaizunguka haonekani tena. Asiyeonekana hafuatwi. Baada ya muda hujitokeza upande wa pili, akadaka mbu wake mmoja na kurudi.

Linganisha na nyumba mpya: ukuta umepigwa plasta, umepakwa rangi ya mafuta, unateleza kama sahani, na katikati yake iko taa moja ndefu nyeupe. Hapo hapana pa kujificha. Katika nyumba kama hiyo utamkuta mjusi mmoja mnene sana, na wengine kwa nadra.

Na sanduku la kioo la yule mtoto je? Lilikuwa baya kuliko nyumba mpya. Kuta nne zinazoteleza, mchanga kidogo chini, kifuniko cha bakuli kwa maji, na mdudu akitupwa katikati. Mjusi mdogo alikuwa akifukuzwa kutoka pembe hii hadi ile, na kila pembe aliyofika bado alikuwa machoni mwa mkubwa. Sijui gereza lililo baya kuliko hilo.

TULIVYOFANYA

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuwatenganisha. Mkubwa akabaki sandukuni, mdogo akahamishiwa katika ndoo pana yenye wavu juu, na ndani yake vipande vya magome ya mnazi. Msomaji mwenye mijusi wanaopigana aanze hapo hapo, asingoje wapatane. Mijusi hawapatani. Mmoja hukubali kushindwa, na wewe ukidhani ni amani, kumbe mwenzio anakufa njaa polepole.

La pili, tuliwachunguza kama ni madume. Ukimtazama kwa chini kupitia kwenye kioo, dume mzima huonyesha mstari wa vitundu vidogo chini ya mapaja, na shina la mkia wake limevimba kidogo. Wote wawili walikuwa madume. Basi hapakuwa na hila ya kuwarudisha pamoja, kwani madume wawili katika sanduku moja ni vita visivyokwisha. Hata wafugaji wa Ulaya na Marekani, ambao kwa miaka mingi wamezoea kufuga mjusi mwenye madoa kama ya chui, asili yake Afghanistan, Pakistan na India, huonya vivyo hivyo. Dume na dume kamwe wasiwekwe pamoja, na hata majike wakiwekwa pamoja wapimwe uzito mara kwa mara, kwa sababu mmoja aweza kumwonea mwenziwe bila ya kumwuma, kwa kumkalia chakula tu.

Lakini kama mtu anao majike wawili au watatu wa kimo kimoja, na hana budi kuwaweka pamoja, basi ayafuate haya.

Asitupe chakula pahali pamoja. Kila mjusi alishwe upande wake, kwa wakati mmoja, kila mmoja nyenje wake, kwa kibanio kirefu. Aanze na yule mkali. Kinywa chake kikishajaa, awape wengine. Akishindwa hivyo, amtoe kila mmoja amlishe katika chombo chake, kisha amrudishe wakishashiba na kutulia.

Mdudu asiwe mkubwa. Kipimo chepesi ni kwamba upana wa mdudu usizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya mjusi. Mdudu mkubwa huchukua muda kumezwa, na muda huo ndio wa kunyang'anyana.

Wadudu wasioliwa waondolewe. Nyenje aliyeachwa usiku kucha haogopi kumtafuna mjusi aliyelala.

Maficho yawe mengi kuliko mijusi. Wakiwa wawili, yawe matatu au zaidi, tena mengine juu na mengine chini. Asimamishe vipande vya magome na matawi katikati ya sanduku ili mjusi aliye upande huu asimwone aliye upande ule. Hilo ndilo somo la banda la ndege, na ndilo somo la boriti zetu.

Mwisho, autazame mkia. Mkia ukiwa mnene, mjusi anakula. Mkia ukianza kukonda kama uzi, hata kama huoni jeraha, ujue kuna anayemdhulumu. Mtenge siku hiyohiyo.

Yule mdogo wetu hakula usiku wa kwanza ndooni. Usiku wa pili tuliweka mbu na nondo watatu, tukazima taa na kuondoka. Asubuhi nondo wawili hawakuwapo. Mtoto alikuja mbio kunigongea mlango kabla sijanywa chai, na bibi yake, aliyesema tufuge kuku, akauliza kutoka dirishani, "Enhe, amekula?"

KISA CHA KIMBOZA

Kabla sijamaliza, sina budi kusema neno kuhusu hii tamaa yenyewe ya kumtia mjusi katika kioo, kwa maana imewahi kuleta maafa karibu na kwetu.

Tanzania, chini ya milima ya Uluguru katika mkoa wa Morogoro, kuna msitu mdogo uitwao Kimboza. Humo anaishi mjusi mmoja mzuri ajabu, Lygodactylus williamsi, ndugu wa yule wetu wa minazini. Dume wake ni buluu kama feruzi, na koo lake jeusi. Makazi yake ni katika majani ya mkadi wa aina ya Pandanus rabaiensis, mti uliopata jina lake la kisayansi kutoka Rabai, hapa karibu na Mombasa. Ni ukoo mmoja na ule mkadi ambao maua yake wanawake wetu hutilia vikuba. Uzuri wa mjusi huyu ulipojulikana ng'ambo, watu wakaingia msituni kumtafuta, wakakata hata mikadi yenyewe ili kuwafikia waliojificha juu. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 walichukuliwa mijusi kati ya 32,310 na 42,610, yaani si chini ya asilimia 15 ya wote waliokuwapo. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, mataifa yaliafikiana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hao wanaokamatwa porini.

Mtu huwanunua wawili kwa sababu mmoja atakuwa mpweke. Huo ni upweke wa mnunuzi. Madume wawili wenye makoo meusi, waliokuwa kila mmoja na mkadi wake msituni, hutiwa katika kioo kimoja mezani, na mmoja hufa. Kisha mnunuzi hutafuta mwingine, na mkadi mwingine ukaangushwa.

Hapa Kenya nako sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka masharti, na anayetaka kufuga mnyama wa porini hutakiwa awe na kibali. Nilimweleza mtoto jambo hili. Nilidhani atalia. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani ukutani si wangu vilevile?"

TAA YA PILI

Mkubwa tulimrudisha jioni ileile mahali alikotoka, juu ya mlango. Alipanda moja kwa moja mpaka penye taa, akakaa pale pale alipokuwa akikaa, kama mwenye nyumba aliyerudi safarini.

Mdogo tulimweka ndooni wiki chache zaidi, mpaka mkia wake ulipoota, mfupi na mweusi kuliko ule wa kwanza. Ikabaki shida ya mahali pa kumwachia. Kumrudisha kwenye taa ya mlangoni ni kumrudisha kwenye meno yaleyale. Mtoto ndiye aliyepata ufumbuzi. Alikwenda akamsihi bibi yake wawashe taa ya ua wa nyuma, karibu na jiko, ambayo kwa muda mrefu haikuwa ikiwashwa kwa kuogopa gharama ya umeme. Bibi akanung'unika kuhusu bili, akamtaja mjusi kwa jina lake lote, kafiri na yote, kisha akaenda kubonyeza swichi.

Tukafungua ndoo chini ya boriti. Mjusi alikaa ukingoni akilamba macho yake, kisha akapanda ukuta na kuingia nyuma ya boriti, tusimwone. Tulingoja. Wadudu wakaanza kukusanyika kidogo kidogo kuizunguka taa ile mpya. Baada ya muda kichwa kikachungulia upande wa pili wa boriti, kikatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Akatoka, akamdaka mbu wa kwanza, na safari hii hakukimbia naye. Alimla pale pale.

Msomaji, ukipita Kibokoni usiku ukaiona taa ya ua inawaka na hapana anayepika, usidhani ni ubadhirifu. Bibi mwenyewe husema anaiacha kwa ajili ya wezi.